Gari inapanda joto mlimani tu, tambarare iko sawa. Naombeni ushauri

KonaKali

Wakuu, habari za muda huu. Nina gari ndogo ya petroli, injini ya 1.8, gia otomatiki, imeshatembea km 190,000 na ushee. Kwenye tambarare sina neno nayo, naweza kwenda saa nne mfululizo na mshale wa joto uko palepale katikati. Shida ni milima.

Wiki iliyopita tulipanda mlima wa kama kilomita 14, kona juu ya kona, tuko watano na mizigo, AC inapuliza. Mbele yetu kuna lori limebeba, basi tunatambaa nyuma yake. Kama kilomita ya tisa hivi mshale ukaanza kunyanyuka. Nikajisemea ni mlima tu huu, utashuka. Haikupita hata dakika mbili uko karibu na H, alama ya moto, na ndani ikaingia harufu ya mpira wa moto. Nikaweka pembeni, nikazima. Kufungua boneti, chupa ya akiba inatokota mpaka inamwaga. Mama yangu ana miaka 71. Alikaa juu ya jiwe kando ya barabara saa nzima na mimi sina la kumwambia.

Miezi kadhaa nyuma gereji moja walinitolea themostati wakaniambia gari haitachemsha tena. Tangu hapo maji yakipungua naongeza ya bomba. Baada ya wiki tatu lazima tupite mlima uleule, na mama yumo. Nifanye nini kabla ya safari, na nikiwa mlimani niendesheje?

NyotaYaAsubuhi

Pole sana, na pole kwa mama. La haraka: ukiona mshale umeanza tu kusogea, zima AC, washa hita kwenye joto la mwisho na feni yake spidi ya juu, shusha vioo. Mtatoka jasho lakini hita ni rejeta ndogo iliyo ndani ya gari, inavuta joto kwenye maji ya injini. Mimi imenivusha mara mbili.

Msafiri_77

Mimi ikichemsha nasimama, namwagia injini maji ya baridi inapoa fasta, naendelea.

FundiRejeta

@Msafiri_77 ndugu yangu, acha hiyo kabisa. Hedi na bloku vikiwa vya moto kiasi hicho ukavimwagia maji ya baridi, chuma kinajikunja upande mmoja kabla ya mwingine. Hedi inapinda au inapasuka. Na mtu yeyote anayesoma hapa: mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji yale yako juu ya nyuzi 100 na yanazuiwa yasichemke na presha tu. Ukifungua, presha inaondoka, yanachemka ghafla na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Subiri dakika 40 au zaidi, ushike mpira wa juu wa rejeta. Ukiubonyeza ukawa laini na mkono unavumilia, hapo ndipo uweke kitambaa ufungue taratibu.

@KonaKali nitarudi kwenye themostati, hapo ndipo naona tatizo lako.

TairiKumi

Nimeendesha malori miaka 22 na nyumbani nina gari ndogo, kwa hiyo naongea yote mawili.

Mlima unapandwa kwa kuachia mafuta mapema. Piga hesabu: gari yenye uzito wa kilo 1,500 kwenye mwinuko wa asilimia 10, ukienda 60 kwa saa, injini inatumia kama kilowati 25 kunyanyua ule uzito peke yake. Shuka hadi 40 inakuwa kama 16. Na kila nguvu inayofika kwenye magurudumu, joto la kiasi karibu sawa na hiyo linaingia kwenye maji ya rejeta. Kwa hiyo ukipunguza mwendo kidogo tu umeipunguzia rejeta mzigo mkubwa.

La pili ni gia. Otomatiki ukiiacha kwenye D inapenda kukaa gia ya juu, injini inalemewa kwa mizunguko michache, unakanyaga na haiendi. Zima ovadraivu, yaani ile gia ya juu kabisa ya mwendo wa kasi, au weka 2 au L kulingana na mwinuko, mizunguko ikae kama 2,500 mpaka 3,500 kwa dakika. Pampu ya maji inazungushwa na injini, ikizunguka haraka maji yanasukumwa haraka. Kama feni nayo inazungushwa na mkanda, na yenyewe inavuta hewa zaidi. Feni ya umeme haijali mizunguko, ila pampu unayo bado. Kumbuka pia mafuta ya gia otomatiki kwenye magari mengi yanapoozwa humohumo kwenye rejeta. Gia ikihangaika kupanda na kushuka, joto lake linaenda kwenye maji yaleyale.

La tatu, lile lori. Ukilibana kwa nyuma unavuta hewa yake ya moto na upepo wa mbele unaukosa. Achia nafasi kubwa. Kama linatambaa sana, tafuta mahali salama usimame lisogee mbele, ndipo uondoke kwa mwendo wako.

Mshale ukipanda lakini hakuna mvuke wala kutokota, simama, weka P, acha injini inanguruma kwa kama 1,500, hita imewashwa. Maji yanaendelea kuzunguka na feni inafanya kazi, mara nyingi utaona mshale unarudi. Kukiwa na mvuke, maji yanamwagika au taa nyekundu imewaka, zima palepale. Na kitu kinachodanganya watu wengi: mshale ulikuwa juu halafu ghafla ukaanguka kwenye C, alama ya baridi, huku injini inanuka moto. Usifurahi. Maji yameisha, sensa imebaki hewani haina cha kupima. Zima.

FundiRejeta

Nimerudi. Mkuu, kwenye injini nyingi themostati ina kazi mbili. Maji yakiwa baridi inafunga njia ya kwenda rejeta, na maji yanazunguka ndani kwa njia ya mkato. Yakifika kama nyuzi 82 mpaka 90 inafungua njia ya rejeta. Sasa, zipo injini ambazo kitako cha themostati, inapofunguka, kinaziba ile njia ya mkato. Ukiitoa, mkato unabaki wazi moja kwa moja. Maana yake sehemu ya maji yanatoka kwenye injini ya moto na kurudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Tambarare huwezi kujua, joto ni dogo. Mlimani ndipo unapolipia. Rudisha themostati mpya yenye nyuzi zilizoandikwa kwa injini yako.

Mfuniko: umeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake. Hiyo ndiyo presha unayoshikilia, na ndiyo inayofanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Mfuniko ukichoka unarudi kwenye kuchemka kwa kawaida, na juu mlimani kawaida yenyewe imeshuka: kwenye mita 2,000 maji wazi yanachemka kama nyuzi 93. Tazama raba yake. Ikiwa imepasuka, au chupa ya akiba inajaa safarini na injini ikipoa maji hayarudi kwenye rejeta, badilisha.

Maji ya bomba acha. Yanaleta kutu na magamba, na magamba hayapitishi joto. Safisha mfumo, weka kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa.

Halafu angalia sehemu ambayo gereji nyingi hazigusi: kati ya rejeta ya AC na rejeta ya maji. Ukitazama kwa mbele unaona pasafi, kumbe uchafu umejificha katikati. Vitenganishe.

BintiSukani

Mtu akishachemsha vile, gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, itakuwa salama kweli?

FundiRejeta

Swali zuri dada. Lazima ipimwe kabla ya safari. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, washa, mtu akanyage taratibu. Mapovu yanayotoka mfululizo bila kuisha, hewa ya silinda inaingia kwenye maji. Dalili nyingine ni maji kupungua bila kuona yanapovuja, moshi mweupe mzito hata injini ikishapata moto, au mafuta ya injini kuwa rangi ya maziwa. Kuna dawa ya rangi ya kupima hewa ya kwenye rejeta, fundi mwenye nayo anamaliza ubishi kwa dakika chache.

TairiKumi

Ongeza kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, kinachochomekwa chini ya usukani. Kwenye magari mengi ya siku hizi mshale umetengenezwa ukae katikati kuanzia nyuzi kama 80 mpaka zaidi ya 100. Ukiuona umesogea, umeshachelewa. Kifaa kinakuonyesha 94, 97, 101, nawe unaachia mafuta mapema.

KonaKali

Wakuu, narudisha mrejesho, maana mlinisaidia kwa moyo.

Tulitenganisha zile rejeta mbili. Katikati kulikuwa na blanketi la vumbi, majani na wadudu, limeganda kama limefumwa, nililitoa kwa vipande vipana kama kiganja. Kwa mbele ulikuwa huoni kitu. Raba ya mfuniko ilikuwa ngumu na ina ufa. Themostati mpya imewekwa, na fundi alinionyesha kwa kidole ule mkato unaozibwa na kitako chake. Dawa ya kupima gasketi haikubadili rangi, yaani gasketi ni nzima.

Jana tumepanda. Watu walewale watano, mizigo ileile. Mwanzo wa mlima kifaa kilisoma 91. Nilizima ovadraivu, nikawa kati ya 40 na 45. Kilomita ya tisa 97. Kwenye kona mbili kali zilizofuatana ikafika 102, nikazima AC na kuachia mafuta kidogo, ikarudi 98 kabla ya kilele. Hita sikuigusa. Tulilipita lile jiwe mama amelala.

Swali moja: leo asubuhi chupa ya akiba imeshuka kama upana wa kidole. Niogope?

FundiRejeta

Injini ikiwa baridi, ongeza kulanti mpaka alama, halafu iangalie kila asubuhi kwa siku nne. Mfumo ukijazwa upya hewa iliyobaki hutoka yenyewe na usawa unashuka mara moja au mbili, kisha unatulia. Usipotulia, shika tochi ukague kitundu kidogo kilicho chini ya pampu ya maji. Pampu ikianza kuchoka, huanzia kutoa unyevu hapo.