Naomba ushauri: nikunje maumbo gani ya origami kwa dirisha la duka?

Mkono Mwepesi
Hamjambo ndugu zangu. Nimepewa kazi ya kupamba dirisha la duka moja hapa Nairobi kwa origami, ile sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi, na duka litafunguliwa Jumamosi ijayo. Dirisha lina upana wa mita mbili na linatazama mashariki. Nimefikiria korongo, yungiyungi, vipepeo na ile mipira ya maua ambayo Wajapani huiita kusudama, lakini kila nikiamua jioni naamka na shaka. Fedha ni chache, kwa hiyo natumia karatasi nyeupe ya A4 ya gramu 80, ambayo naikata iwe mraba. Ninyi mngechagua nini?

Fundi wa Vitabu
Dada, kabla ya umbo litazame jua. Niliwahi kupamba duka la nguo za harusi kwa kusudama nyekundu, nikakesha siku nne, na kabla ya miezi miwili kuisha upande uliotazama kioo ulikuwa umepauka kabisa huku upande wa ndani ukiwa bado mwekundu. Bibi harusi mmoja aliuliza kama ni maua ya mwaka jana. Nyeupe ni salama zaidi, ila usitumie karatasi ya aina ya magazeti, kwa sababu ina lignini nyingi ya mti na jua huigeuza manjano upesi.

Mama Pacha
Kunja mashua. Kila mtoto anaijua, na mtoto akisimama dirishani mzazi naye husimama. Duka lenyewe linauza nini?

Mkono Mwepesi
Asanteni. Ni duka la bidhaa za mbao na maua. Korongo nimeshaanza kuwakunja, kwa hiyo ningependa hasa kujua niwapange vipi.

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, bidhaa za mbao zipi? Huwezi kumchagulia mtu nguo kabla hujajua kama anakwenda arusini au matangani.

Mkono Mwepesi
Mwalimu, umegusa penyewe. Ni duka la majeneza na mashada, karibu na hifadhi ya maiti ya jiji, na mwenyewe ni baba yangu mdogo. Sikusema mapema kwa kuwa kila niliyemwambia alibadilisha mazungumzo. Nimeshakunja korongo 230, na sioni kosa lao: ni weupe, ni watulivu, na mtu aliyefiwa akimwona ndege anayeruka huenda akapata faraja kidogo. Baba mdogo amewapenda.

Mama Pacha
Mimi nasema wazi kwamba mahali pa msiba hapapambwi. Tulipomzika mama mkwe, tuliingia duka la namna hiyo saa kumi na mbili asubuhi, na nilichokumbuka baadaye ni kijana aliyetuletea viti bila kuulizwa. Mwambie baba yako mdogo anunue viti.

Karatasi Moja
Nimekunja origami kwa miaka mingi, na korongo ndiye angenitia wasiwasi. Huko Japani korongo ni ndege wa maisha marefu, husemwa kwamba anaishi miaka 1000, na ndiyo sababu huonekana kwenye harusi na huning'inizwa kwa wagonjwa ili wapone. Sadako Sasaki, mtoto wa Hiroshima aliyefariki mwaka 1955 kwa saratani ya damu baada ya bomu la 1945, aliwakunja akiwa hospitalini akitamani kupona. Kuna familia hapa Nairobi zilizowahi kukunja korongo pembeni mwa kitanda cha mgonjwa. Sasa mgonjwa yule amefariki, wanakuja kununua jeneza, na dirishani wanawakuta ndege 230 wa kuomba uzima.

Mkono Mwepesi
Nakuelewa, lakini kwa wateja wetu wengi huyo ni ndege mweupe tu. Na kazi imeshafanyika.

Msomaji wa Usiku
Samahani, mimi naona hii ni hadithi ya kutunga. Majeneza ya upande ule hupangwa nje kando ya barabara, hayana dirisha la kioo. Tena mtu mmoja kukunja korongo 230, akaficha jambo kuu hadi alipobanwa? Tunapotezewa muda.

Mkono Mwepesi
Baba mdogo amehama kutoka kibanda cha nje, ndiyo maana kuna kioo na ndiyo maana kuna ufunguzi. Korongo mmoja hunichukua dakika tano, na nimefanya kazi hiyo siku tisa. Chini ya meza nina vipande 230 vya ukanda wa sentimita 8.7 ambavyo sijui nivifanyie nini, na ukucha wa kidole gumba cha kulia umelika upande mmoja kwa kubana mikunjo.

Karatasi Moja
Mimi namwamini. Ukikata mraba kutoka A4 hubaki ukanda wa 8.7 kwa 21, na atajaye ukanda huo ameishi nao. Dada, wapumzishe korongo. Kunja yungiyungi la petali nne kwa msingi wa chura, yaani mikunjo ileile ya mwanzo ya kukunjia chura, saba tu, kisha uzungushe kila petali kwenye penseli ili ijikunje nje. Hilo linakaa vizuri kando ya mashada, na halimwahidi mtu chochote.

Mwalimu Mstaafu
Nami nakubali hesabu ya saba. Mtu mwenye msiba hawezi kutazama vitu 230.

Mkono Mwepesi
Nimejaribu jana usiku kwa gramu 80. Pale matabaka yanapokutana kwenye ncha palikuwa pamenona mno, na petali ya tatu ikachanika. Leo nimepata karatasi nyembamba zaidi River Road, na yungiyungi mbili zimesimama. Nimemweleza baba mdogo habari za korongo. Alikaa kimya, kisha akasema yungiyungi liwe dirishani, na korongo mmoja abaki ndani kwenye meza ya risiti. Huyo simwondoi.

Fundi wa Vitabu
Maua yaache umbali wa kiganja kutoka kwenye kioo. Asubuhi za baridi kioo hutoa jasho, na karatasi nyembamba hulinywa.