Kufundisha vijana afya ya uzazi kwa simu, nianzie wapi?

Mlezi_wa_Jioni: Habarini wakuu. Nina kikundi cha vijana wa miaka 13 mpaka 17, wavulana kwa wasichana, na kila nikigusa kubalehe, hedhi, mimba au magonjwa ya zinaa wote macho chini, wanafinyana, hakuna anayeuliza. Halafu usiku inaingia meseji namba siijui, "samahani, eti mara ya kwanza mtu hawezi kushika mimba?" Kumbe maswali wanayo tele ila hawataki kuuliza mbele za watu. Nafikiria nifungue gurupu la WhatsApp niwe natupia somo kila asubuhi. Wenye uzoefu mnasemaje?

Nesi_Mstaafu: Huyo aliyeuliza umemjibu? Mjibu leo leo bana. Mwambie mimba inashika hata mara ya kwanza, na kama ndo ametoka kufanya bila kinga kuna vidonge vya dharura, vinasaidia mpaka siku 5 ila vingi vinafanya kazi vizuri ndani ya saa 72 na kila saa inayopita nguvu inapungua, asikae kusubiri somo lako la asubuhi. Maswali ya namna hii mara nyingi sio ya udadisi, mtu ameshafanya na anaogopa.
Gurupu achana nalo. Namba zote zinaonekana, mmoja anapiga skrinishoti, kesho darasa zima linajua nani aliuliza kuhusu usaha. Mtu kwa mtu tu.

fundi_mitambo: Nesi kamaliza, naongezea upande wa simu zenyewe. WhatsApp inataka simu janja na bando, sio kila kijana anavyo, na wengi simu si yao, ni ya mama au ya kaka, wanaazima. Sasa ukituma wewe somo la kondomu asubuhi linatokea juu ya kioo mama ndo kashika simu, umemchoma mtoto wa watu hajafanya lolote. Kijana aanze yeye, anatuma neno la kawaida tu au namba, mfumo unamjibu muda huohuo akiwa na simu mkononi. Ile menyu ya nyota na reli nayo nzuri maana haiachi kitu kwenye inbox. Kwa wasiosoma vizuri au wasioona weka sauti, anapiga anasikiliza. Na ukienda na SMS jua nafasi ni herufi 160, hapo ndo utajua kama somo unalielewa au unazunguka tu 😂

BabaWawili: Mi naona mnawafungulia watoto mlango. Ukimwambia mtoto wa miaka 13 habari za kondomu si unamtuma akajaribu?

Nesi_Mstaafu: Baba, hofu yako naielewa, lakini hilo limeshachunguzwa. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018 ulipitia tafiti za nchi nyingi, haikuonekana kwamba elimu hii inaongeza ngono kwa vijana. Na tusijidanganye, simu hiyohiyo ina video za ngono, hizo hazikuombi ruhusa. Huko hakuna anayemwambia kwamba kuvaa kondomu mbili kwa pamoja ni kosa, zinasuguana zinaweza kupasuka, au kwamba ndoto nyevu sio ugonjwa. Wavulana wanateseka na hiyo kimyakimya, tunawasahau sana.

BabaWawili: Sawa, ila mzazi aonyeshwe kinachotumwa. Sitaki kuviziwa.

fundi_mitambo: Hapo uko sahihi. Wazazi waonyeshwe meseji zote za masomo kabla hazijaanza kwenda. Maswali ya mtoto mmojammoja ndo yabaki siri yake.

Nesi_Mstaafu: Mfano wa meseji, inaenea kwenye 160: "Miaka ya mwanzo ya kuvunja ungo hedhi inaweza kuyumba, kawaida. Ila kama umefanya ngono na hedhi imechelewa, pima mimba kwanza. Swali? Jibu 2." Hakuna kumsimanga wala "usithubutu". Akisimangwa harudi tena.

Mlezi_wa_Jioni: Asanteni sana, huyo wa swali nimeshamjibu. Gurupu basi. Sasa je usiku wa manane mtu akaandika amebakwa? Mashine itamjibu nini?

Nesi_Mstaafu: Mashine isijibu peke yake hapo. Imwambie maneno machache, sio kosa lake, aende hospitali sasa hivi, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, asioge kwanza wala asifue zile nguo kama anaweza. Halafu impe namba ya mtu mzima anayepokea simu usiku. Na usije ukamwahidi kijana kwamba hutamwambia mtu yeyote, kuna mambo lazima yafike mbele ili alindwe, mwambie hivyo tangu siku ya kwanza. Kama huna wa kupokea hiyo simu ya usiku, usifungue huduma mpaka umpate.

Mlezi_wa_Jioni: Basi naanza kumtafuta huyo kabla ya kugusa mambo ya mfumo. Fundi nakuja PM.