Tupeane uzoefu: jana-leo-na-kesho au mkadamia mbele ya nyumba?

Mkazi wa Lanet, Nakuru (mwanzilishi wa mada)

Wapendwa wanachama, ninaomba tupeane uzoefu kuhusu jambo ambalo limetugawa mimi na mke wangu tangu tuhamie kwetu. Ploti yetu ni ile ya kawaida ya futi 50 kwa 100, na baada ya nyumba, tangi la maji na njia ya gari, pamebaki mahali pamoja tu pa kupanda kitu cha maana, nako ni upande wa mbele, kati ya baraza na ukuta, penye upana wa mita 5 hivi. Mke wangu anataka kile kichaka tunachokiita jana-leo-na-kesho, ambacho ua lake huchanua likiwa la zambarau, kisha hufifia, na kufikia siku ya tatu huwa jeupe, hata kichaka kimoja kikawa na rangi zote hizo kwa pamoja. Anasema pia kwamba harufu yake jioni inatosha kumtoa mtu jikoni. Mimi ninataka mkadamia, mti unaozaa njugu za makadamia, kwa kuwa nililelewa na mzee ambaye hakuona maana ya kumwagilia maji mti usiolisha mtu. Tafadhali, tusijibizane kwa maoni matupu. Aliyewahi kupanda kimoja au vyote viwili atueleze kilichompata.

Mwalimu mstaafu, Nyamira

Ndugu yangu wa Lanet, nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2009 nilinunua miche miwili ya mkadamia katika kitalu kimoja kando ya barabara, nikahakikishiwa kwamba imebebeshwa, nami nikaamini bila kuinama kutazama. Mche uliobebeshwa huwa na kovu sehemu ya chini ya shina, pale ambapo kijiti cha aina bora kiliunganishwa na mche ulioota kwa mbegu, na mti wa namna hiyo unaweza kuanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 5. Yangu haikuwa na kovu lolote. Nilingoja hadi 2017 ndipo nikaokota njugu ya kwanza, na hadi leo miti hiyo miwili haifanani: mmoja una njugu nzuri zenye kiini kilichojaa, na mwingine una vidude ambavyo baada ya kuvigonga kwa nyundo juu ya jiwe unapata ganda jingi kuliko chakula. Kwa hiyo ukienda kununua, taja aina kwa jina, kwa mfano Murang'a 20, Kiambu 3 au Embu 1, kisha utafute kovu kabla ya kutoa pesa.

Mke wako naye asidhani kwamba mkadamia hauna maua. Hutoa mikia mirefu ya rangi ya maziwa, kila mkia ukiwa na maua 100 hadi 300, na nyuki hujaa humo tangu asubuhi. Ajabu ni kwamba katika mkia mzima utapata njugu chache tu, maua mengine yote hupukutika. Mti ulio peke yake huzaa, lakini huzaa vizuri zaidi ukiwa karibu na mwingine wa aina tofauti, jambo ambalo kwa mtu mwenye nafasi ya shimo moja linahitaji kufikiriwa.

Kuhusu nafasi hiyo ya mita 5, nitasema ukweli hata kama utaniudhi mimi mwenyewe, maana ninaupenda mti huu. Shambani miche hupandwa kwa umbali wa mita 8 hadi 10. Mmoja wangu ulipita paa zamani. Njugu zikikomaa huanguka zenyewe, na zikianguka usiku juu ya mabati, mgeni aliyelala kwako ataamka akidhani mmevamiwa. Majani yake ni magumu, yana miiba pembeni, hayaozi upesi, na huziba mfereji wa maji ya mvua unaoingia kwenye tangi.

Molo

Huku kwetu mkadamia wangu ulichomwa na jalidi ukiwa mdogo, na sikupanda mwingine. Lanet si baridi kama Molo, lakini tazama mahali palipoinama, kwa sababu hewa ya baridi hutua huko.

Mama wa Riat, Kisumu

Mimi nina jana-leo-na-kesho mbili, na zote nusura nizipoteze. Nilizipanda upande wa machweo, kwenye ukuta unaopokea jua la saa nane hadi jioni, na jua la Kisumu mnalijua. Majani yalikauka kingo, machipukizi hayakuja. Nilizihamisha wakati wa mvua hadi upande unaopata jua la asubuhi na kivuli mchana, nikafunika udongo kwa nyasi kavu, na baada ya muda zikarudi. Hukua polepole, kwa hivyo usitarajie kichaka kamili mwaka wa kwanza. Ukitaka kupogoa, subiri maua yaishe, kwa kuwa hutoa maua kwenye matawi machanga. Nilipopogoa kabla ya wakati, niliyakata maua yangu mwenyewe.

Kuhusu makadamia, jirani alijaribu kule chini Kano, kwenye udongo mweusi unaotuamisha maji. Mizizi ilioza kabla mti haujafika kiunoni.

Mkazi wa Kiamunyi, Nakuru

Ninashangaa kwamba hakuna aliyeuliza kama nyumbani kuna mbwa. Sisi tulikuwa na jana-leo-na-kesho karibu na lango, na mbwa wetu, ambaye alikuwa bado mchanga na mwenye kutafuna kila kitu, alikula matunda madogo yaliyoanguka chini yake. Hatukujua lolote. Tulidhani amelishwa sumu na wezi, kwa sababu alianza kutapika, akatetemeka, miguu ikakakamaa, kisha akashikwa na degedege kila alipoguswa. Daktari wa mifugo alipofika aliuliza kwanza kuhusu mimea ya uani, na alipokiona kichaka akatuonyesha. Alitueleza kwamba kichaka hicho kina sumu, hasa kwenye mbegu na matunda, na kwamba hakuna dawa mahususi ya kuivunja, bali mnyama hutulizwa degedege na kusaidiwa hadi mwili uitoe. Mbwa wetu alilala siku kadhaa bila kusimama vizuri, lakini alipona. Kichaka hatukukikata. Tulikizungushia wavu, na mimi huyachuma matunda yakiwa bado mabichi. Watoto pia tuliwafundisha kwamba si ya kula.

Lakini ndugu wa Lanet asikimbilie kushangilia, kwa sababu makadamia nayo humdhuru mbwa. Shangazi yangu anayeishi Bahati alimwachia mbwa wake njugu zilizobanguliwa, na usiku huo miguu ya nyuma ikamlegea hata akashindwa kupanda ngazi ya baraza. Tofauti ni kwamba huyo alirudi katika hali yake kwa muda wa siku mbili.

Mkulima wa Njoro

Mimea hii miwili, mnayoipambanisha hapa, inafanana katika jambo moja: yote inataka udongo wenye asidi kidogo. Nilipohamia karibu na ziwa Nakuru, ambako udongo wangu ulikuwa wa magadi, jana-leo-na-kesho yangu iligeuka manjano huku mishipa ya majani ikibaki kijani, kwa kuwa mmea ulikuwa unashindwa kupata madini ya chuma hata kama yamo. Pima udongo kwanza.

La pili ni mbolea. Wengi wetu hatujui kuchimba shimo bila kutia DAP. Mbolea hiyo ina fosfeti asilimia 46, na mizizi ya mkadamia imeumbwa kutafuta fosforasi kwenye udongo maskini, kwa hivyo ikizidishiwa huumia. Nilitia konzi mbili za DAP kwenye shimo la mche wangu wa kwanza kwa nia njema kabisa. Wa pili niliutia samadi iliyooza vizuri, na ndio uliosimama.

Mkazi wa Lanet

Nimewasoma nyote, na nimesoma kwa sauti sebuleni, jambo ambalo sasa ninalijutia. Mwalimu alipotaja mabati na mfereji, mke wangu aliuliza tu ni nani atakayepanda ngazi kufagia majani. Sikuwa na jibu. Nimepima tena na kukuta mita 4 na nusu, si 5.

Udongo utapimwa wiki hii. Ukiwa haujaelemea magadi, jana-leo-na-kesho itakaa mbele, upande wenye kivuli cha mchana, ndani ya wavu, kwa kuwa tuna mbwa wawili na mmoja wao hutafuna hata viatu. Mzee wangu ana nafasi Subukia, na mvua za Machi zikianza nitampelekea mikadamia miwili ya aina tofauti, bila DAP. Kovu nitaliinamia mwenyewe kitaluni.