Daftari la babu: "Maji Matamu" na "Maji Machungu" ni wapi?

BintiNgamiani

Assalaam aleikum wanajukwaa, hasa mabaharia wa zamani na watoto wao.

Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia. Kwao ni Tanga, lakini kazi aliipatia Mombasa mwaka 1961, kwenye meli za mizigo zilizokuwa zikienda Uingereza. Alifariki 1994. Mwezi uliopita tulikuwa tunabadilisha mabati ya nyumba ya bibi, tukakuta darini sanduku, na ndani yake daftari la jalada jeusi. Lugha ni Kiswahili ila herufi ni za Kiarabu. Mjomba wangu anazisoma, kwa hiyo tumekaa jioni tatu, yeye anasoma na mimi naandika.

Mengi ni tarehe, bandari na hesabu za mshahara. Lakini kuna maneno yanajirudia kila safari na hakuna nyumbani anayeyaelewa. Nayanukuu kama yalivyo:

"Suwesi. Taa imetundikwa omo. Mashua mbili na watu wao."
"Kushoto Maji Matamu, mitende. Kulia mchanga mtupu."
"Ziwa la Mamba. Adhana."
"Maji Machungu. Nanga."

Bibi anaamini ni mafumbo. Anasema maji matamu ni siku alizokuwa na raha, na maji machungu ni siku alizomkumbuka mtoto wao wa kwanza aliyefariki. Mjomba anasema ni majina ya miji.

La pili. Tarehe 27 Mei 1967 ameandika "Maji Machungu. Nanga." Baada ya hapo Suwesi haionekani tena. Kila safari ni Durban, Kepu, Las Palmas, London. Miaka inapita. Je, alihamishiwa njia nyingine, au aligombana na waajiri wake? Bibi hakumbuki.

Nawashukuru mapema.

Mwambao77

Mimi si baharia, ila Maji Matamu ningedhani ni Aden, maana meli zilikuwa zikisimama pale kuchukua mafuta na maji. Tusubiri wazee.

Sukani_Mstaafu

Wa aleikum salaam binti yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu babu yako. Nimelisoma swali lako asubuhi, chai ikapoa mbele yangu.

Baharia akishika kalamu baada ya zamu haandiki mafumbo, anaandika alichokiona. Hayo yote ni majina ya mahali, na mahali penyewe nimepapita mara nyingi sana tangu 1979 mpaka nilipoacha bahari 1998, mikono yangu ikiwa kwenye usukani. Ni Mfereji wa Suez, kule Misri, unaounganisha Bahari ya Shamu na Mediterania. Mjomba amekaribia, ila si miji.

Maji Machungu ni lile ziwa kubwa lililo katikati ya mfereji. Waarabu wanaliita al-Murra, yaani chungu, na babu yako amelitafsiri jina vile lilivyo. Kabla ya mfereji palikuwa bonde kavu limetandwa chumvi. Maji ya bahari yaliingizwa 1869, na tarehe 17 Novemba mwaka huohuo meli zikaanza kupita.

Ziwa la Mamba ni Timsah. Mji ulio kando yake ni Ismailia, umepewa jina la Ismail Pasha, mtawala wa Misri, kama Port Said, bandari ya mwisho wa kaskazini wa mfereji, ilivyopewa jina la Said Pasha aliyemtangulia. Adhana aliyoisikia ni ya Ismailia. Na mimi nimeisikia. Meli inakwenda polepole, injini imetulizwa, unasikia sauti ya mji kana kwamba umesimama barazani.

Sasa Maji Matamu, na hapa naomba unisome kwa makini, kwa sababu watu wengi wanaopita Suez hawaujui mfereji huu. Upo mfereji mwingine kabisa, mwembamba, wa maji ya kunywa. Unatoka mto Naili, unakuja mpaka Ismailia, halafu unagawanyika: mkono mmoja unashuka Suez, mwingine unapanda Port Said. Waarabu wanauita wa maji matamu, neno lilelile tunalotumia sisi kwa maji yasiyo ya chumvi. Ulichimbwa kwa sababu jangwa lile halikuwa na maji ya kuwatosha wafanyakazi. Kazi ya mfereji mkubwa ilianza Aprili 1859 pale Port Said, na waliochimba miaka ya mwanzo walikuwa wakulima wa Misri, maelfu kwa maelfu, waliokusanywa kwa lazima. Maji ya Naili yalifika Suez 1863. Bila mfereji ule mdogo, mkubwa usingechimbika, wala Ismailia isingekalika. Dunia inamsifu Ferdinand de Lesseps, Mfaransa aliyeongoza kazi ile. Mimi kila nilipopita nilimwombea dua mkulima aliyeshika jembe na kikapu, ambaye jina lake hakuna aliyeliandika.

Ukitoka Suez kwenda Port Said, maji matamu yako kushoto. Kutoka melini huyaoni kila mahali, unaona kijani: mitende, mashamba, mtoto na punda wake. Kulia ni Sinai, mchanga mpaka macho yanachoka. Babu yako ameandika "kushoto Maji Matamu", basi siku hiyo alikuwa anakwenda Ulaya. Tazama safari za kurudi, utakuta ameandika kulia.

Taa iliyotundikwa omo ni sheria ya mfereji. Ni taa kubwa, tuliifunga puani mwa meli, na fundi wake alipanda nayo. Mwanga wake unaweza kugawanywa miale miwili, mmoja ukingo huu na mmoja ukingo ule, katikati giza, ili meli inayokuja mbele isipofushwe. Mashua mbili tulizinyanyua kwa winchi zikaning'inia ubavuni. Watu wake kazi yao ni kupeleka kamba ufukoni meli ikibidi kufungwa njiani, kwa ukungu au hitilafu. Wakikaa bure wanatandika mkeka dekini, wanauza ngamia wa ngozi na karatasi za mafunjo zilizochorwa. Muulize bibi kama hakuwahi kuletewa ngamia wa ngozi.

Niseme kidogo juu ya usukani, maana babu yako huenda aliushika pia. Mferejini meli si ile uliyoizoea baharini. Maji yanayopita kati ya ubavu wa meli na ukingo yanabanwa, yanakwenda kasi, na tezi, yaani nyuma ya meli, inavutwa kuelekea ukingo huku omo inasukumwa mbali. Unaihisi kwenye mikono kabla hujaiona kwa macho. Rubani anasema nyuzi tano kulia, wewe unarudia kwa sauti, unapeleka, unangoja. Ukipeleka pupa, umekwisha. Nilikuwa natoka zamu fulana imelowa kama nimetumbukia majini.

Na ile "nanga". Wakati wetu meli zilipita kwa misafara, kwa sababu sehemu kubwa ya mfereji haikuwa na nafasi ya meli mbili kupishana. Msafara unaotoka Port Said kushuka ulitia nanga kwenye Maji Machungu, ukangoja ule unaotoka Suez upite wote. Wanaopanda walipita moja kwa moja. Kwa hiyo "Maji Machungu. Nanga." maana yake anarudi nyumbani. Hili mwambie bibi. Kila alipoliandika neno hilo, uso wa meli ulikuwa umeelekea kwake.

Sasa 1967. Babu yako hakugombana na mtu. Vita vya Israeli na Waarabu vilianza tarehe 5 Juni, siku tisa baada ya yeye kutia nanga pale. Mfereji ukafungwa. Meli 15 zilinaswa ndani: moja ya Marekani ilibaki Ziwa la Mamba, na 14 zilibaki palepale Maji Machungu. Za Waingereza, Wajerumani, Waswidi, Wapolandi, Mfaransa, Mbulgaria, Mcheki, na Mmarekani mwingine. Zilikaa miaka 8. Mchanga wa jangwani ulizifunika mpaka zikaitwa Kundi la Manjano. Mabaharia walibadilishwa zamu kwa zamu, walicheza mpira dekini, wakachora stempu zao wenyewe. Mfereji ulifunguliwa tarehe 5 Juni 1975, na kati ya meli zote hizo ni mbili za Wajerumani tu zilizofika nyumbani kwa injini zake zenyewe.

Miaka yote hiyo meli za Ulaya zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule Afrika Kusini. Ndiyo Durban, ndiyo Kepu, yaani Cape Town, ndiyo Las Palmas ya Visiwa vya Kanari ya kuchukua mafuta. Aden iliyokuwa imejaa meli ikabaki kimya.

Angalia kurasa za baada ya 1975, kisha utuambie.

Kadeti_Likoni

Shikamoo mzee Sukani. Hiyo ya tezi kuvutwa tulifundishwa darasani kwa michoro, lakini sijawahi kuelezwa ikaniingia hivi.

Niongeze ya sasa. Nilipita Suez 2022 nikiwa kadeti kwenye meli ya makontena. Taa na mashua bado zipo. Ila tangu 2015 kimechimbwa kipande kipya cha kilomita 35 sambamba na cha zamani, kwa hivyo wanaoshuka hawana haja ya kungoja Maji Machungu kama zamani. Mfereji mzima sasa ni kama kilomita 193. Kule Qantara unapita chini ya daraja la barabara lililo mita 70 juu ya maji, na wenzangu wote walitoka nje kuangalia kama mlingoti utapita. Ile meli ya mita 400 iliyokwama Machi 2021, Ever Given, ilikwama upande wa kusini karibu na Suez, ambako njia wakati huo ilikuwa moja tu. Siku sita.

Na da'ngu BintiNgamiani, daftari langu mimi linafanana na la babu yako. Mashambulizi ya meli kwenye Bahari ya Shamu yalipoanza Novemba 2023, kampuni nyingi zilirudi Rasi ya Tumaini Jema, na sisi tukiwemo. Mama yangu aliniuliza swali hilohilo, mbona siku hizi unapiga simu kutoka Las Palmas.

Msomi_wa_Ismailia

Nilisoma Ismailia miaka mitano, kwa hiyo mimi naijua kutoka nchi kavu. Ukisimama mashambani mfereji mkubwa huuoni, unaona meli inatembea juu ya mchanga, kubwa kuliko msikiti. Ule wa maji matamu ndio tulioishi nao. Unapita mjini chini ya miti mikubwa, jioni watu wanatembea kando yake, na nyumba aliyokaa de Lesseps ipo karibu.

Embe za Ismailia ni maarufu Misri nzima, na zinanyweshwa kwa maji hayohayo ya Naili. Mtu wa Tanga akila embe ya pale hatajiona mgeni. Port Said nako kuna kivuko cha kwenda Port Fuad ng'ambo, bure, hulipi kitu. Unapanda Afrika, unashuka Asia, mama zetu wa Kimisri wamebeba vikapu vya samaki hawaangalii hata maji.

BintiNgamiani

Mzee Sukani, shikamoo. Wote, ahsanteni sana. Jana nimekwenda kwa bibi na mjomba, tumewasomea majibu yenu moja moja.

Kwanza, kulia na kushoto. Tumepitia safari 11. Kila anapokwenda Maji Matamu yako kushoto, kila anaporudi yako kulia, na "nanga" ipo kwenye za kurudi tu. Mjomba alikuwa anahesabu kwa vidole.

Pili, bibi ameinuka bila kusema, ameingia chumbani, ametoka na ngamia wa ngozi, mguu mmoja umeshonwa kwa uzi wa gunia. Nimemwona ngamia huyu maisha yangu yote juu ya kabati la vyombo, sikujua ametoka wapi.

Tatu, kurasa za baada ya 1975. Ipo moja, Februari 1976. Ameandika mstari mrefu kuliko yote: "Suwesi imefunguka. Nyumba zimebomoka pande zote mbili. Mitende bado ipo. Maji Machungu, hatukutia nanga."

Mjomba ameuliza mbona safari hii hakutia nanga.

Sukani_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Alikuwa anapanda, anakwenda Ulaya. Fungua ukurasa unaofuata.

BintiNgamiani

Machi 1976. "Maji Machungu. Nanga."