MJADALA: Mhubiri akikataza hospitali, hiyo ni imani au ni kuua akili?

Mkaazi_wa_Muyeye: Jamani, Shakahola si habari ya mbali, ni hapa hapa Kilifi. Tangu makaburi ya wafuasi wa mhubiri yule wa msituni yaanze kufukuliwa Aprili 2023, imetolewa miili zaidi ya 400. Wengi walikufa njaa wakiamini wanakwenda kumwona Yesu. Na baada ya yote hayo, mtaani kwetu bado kuna wanaopeleka mtoto mwenye homa kwenye maombi kwanza, zahanati baadaye. Nauliza wazi: mhubiri alazimishwe kusoma kabla ya kupewa cheti cha kuhubiri? Mimi nasema ndiyo.

Chumvi_ya_Gongoni: Cheti cha serikali kwa Neno la Mungu? Petro alikuwa mvuvi, alisomea chuo gani? Leo watakupa cheti, kesho watakuandikia mahubiri. Na hao wasomi mnaowategemea ndio wanaosema babu yetu ni nyani.

Binti_Maweni: Petro hakumkataza mtu chakula, kaka. Na Luka alikuwa tabibu, soma Wakolosai 4:14.

Mtu_wa_Boda: Kanisa hilo hilo lilimchoma Galileo moto kwa kusema dunia inalizunguka jua. Halafu leo litufundishe akili?

Katekista_Mstaafu: Galileo hakuchomwa, mwanangu. Alishtakiwa Roma mwaka 1633, akalazimishwa kuyakana aliyoandika, akafungiwa nyumbani hadi alipokufa 1642. Aliyechomwa ni Giordano Bruno, mwaka 1600. Yote mawili ni dhuluma, wala sitetei. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri hadharani kwamba waliomhukumu Galileo walikosea.

Lakini msiseme Ukristo ni adui wa akili. Augustino, mzaliwa wa Afrika Kaskazini, aliandika zaidi ya miaka 1,500 iliyopita kwamba ni aibu Mkristo kubwabwaja juu ya nyota na jua akidai ndivyo Maandiko yasemavyo. Asiyeamini akisikia upuuzi huo, atamwaminije akimweleza habari za ufufuo? Mendel, aliyepanda njegere akagundua jinsi sifa zinavyorithiwa, alikuwa mtawa. Lemaître, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, alikuwa padri wa Ubelgiji. Tena mwaka 1951, Papa Pius XII alipozungumza kana kwamba nadharia ile imethibitisha uumbaji, Lemaître mwenyewe hakupenda. Alitaka fizikia ipimwe kwa fizikia, na imani isiegemee nadharia inayoweza kubadilika kesho. Hapo ndipo ninaposimama. Na tusisahau kwamba pwani hii elimu ililetwa na Wakristo, tangu Vasco da Gama aliposimamisha msalaba wake hapa Malindi.

Mswahili_wa_Shela: Mwalimu, nilikuwa nakusoma kwa heshima zote mpaka mstari wa mwisho. Elimu ililetwa na nani? Mwaka 1498 huyo Vasco da Gama wako alifika hapa hajui njia ya India. Akaomba rubani, mfalme wa Malindi akampa. Rubani yule alizijua nyota, alijua kusi inaanza lini, akamvusha hadi Calicut kwa muda usiofika mwezi. Ile si sayansi? Au mpaka iandikwe Kireno?

Katekista_Mstaafu: Sheikh wangu, nilikusudia shule. Shule za misheni.

Mswahili_wa_Shela: Hukuandika shule. Umeandika elimu. Na vyuo vya Kurani vilikuwapo kabla ya misheni.

Chumvi_ya_Gongoni: Mimi nataka kujua nani anabwabwaja hapa. Kama ni mimi nitajwe. Wasomi nao hubwabwaja! Yule mmisionari wa Rabai aliyesema Kilimanjaro kuna theluji, si wasomi wa London walimcheka? Na aliyekuwa sahihi ni nani, mtu wa Mungu au profesa?

Binti_Maweni: Huyo ni Rebmann, mwaka 1848, na umenisaidia mwenyewe. Hakufunga akaota theluji. Alitembea kwa miguu kutoka Rabai, akauona mlima kwa macho yake, akaandika. Waliombishia walikaa Ulaya hawajawahi kukanyaga huku. Kwa hiyo siku ile mmisionari ndiye aliyefanya kazi ya mwanasayansi. Sasa niambie, yule anayemwambia mama asimpeleke mtoto hospitali amekwenda kuona nini?

Mtoto_wa_Ngomeni: Mnabishania 1498! Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini hapa Ngomeni, ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. Ndiyo ya kwanza duniani kuundwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa mionzi ya eksirei. Ilisaidia kugundua mambo ya mashimo meusi. Watoto wangapi wa Ngomeni wamefundishwa hilo, kanisani, madrasani au shuleni? Mimi nimelijua ukubwani na linaniuma.

Mtu_wa_Boda: Waitaliano walirusha roketi, sisi tulibaki na moshi. Hilo nalo mjadiliane.

Mkaazi_wa_Muyeye: Ndugu zangu, swali lilikuwa cheti.

Chumvi_ya_Gongoni: Nakujibu. Mimi hospitali nakwenda, na wanangu wote wamechanjwa. Sijapinga daktari hata siku moja. Ninachopinga ni mtu wa ofisini kuamua nani ameitwa na Mungu.

Binti_Maweni: Basi liseme hilo kanisani kwako Jumapili, kwa sauti, kwamba umewachanja. Wanaokuamini wewe hawatamsikiliza daktari.

Chumvi_ya_Gongoni: Nitalisema. Lakini cheti atatia sahihi nani?

Katekista_Mstaafu: Makanisa yenyewe, kwa baraza lao. Serikali isubiri mlangoni.

Mtu_wa_Boda: Baraza la nani, Mwalimu? Wale wa Shakahola wangejipa cheti wenyewe.

Mswahili_wa_Shela: Mwalimu, habari ya rubani bado hujaijibu.