Bastola ya kwanza ya mashindano, holsta na risasi: naomba ushauri (niko Mombasa)

BintiKizingo

Assalam aleikum wana jukwaa, na wengine hamjambo.

Nimejiunga na klabu ya shabaha huku Pwani, mafunzo ya usalama nimemaliza, na maombi ya cheti cha silaha yako kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Nia yangu ni mashindano tu, sitaki kutembea na bastola mjini. Sasa nimefika kwenye kuchagua na kichwa kinaniuma.

Nimebakisha mbili: Glock 17 na CZ Shadow 2. Binamu yangu, ambaye ndiye aliyenitia kwenye mchezo huu, anasema Shadow, eti mabingwa wanaipenda. Mkufunzi anasema Glock, na hasemi zaidi ya hapo. Mikono yangu ni midogo. Video za Wamarekani zinasema nunua yoyote, ukiichoka uza ununue nyingine.

Holsta, yaani mfuko wa bastola: kuna fundi wa ngozi Mji wa Kale, mikoba yake watalii wanaigombania. Nilikuwa nataka kumpelekea kazi. Na risasi je, 9mm au .40? Kuna mtu kaniambia .40 inapata pointi zaidi.

Karibuni, hata wa kunikosoa.

PwezaWaTudor

9mm. Hilo tulifunge kabla wazee hawajaamka.

MzeeWaRenji

Aleikum salaam mwanangu. Wazee tumeamka tangu alfajiri, Pweza.

Kabla ya bastola, jua kwanza unakwenda kucheza mchezo gani. Huku kwetu utakutana na miwili. IPSC, iliyoanzishwa Columbia, Missouri, mwaka 1976, huchukua pointi zako ikazigawa kwa sekunde ulizotumia. Anayekimbia bila kulenga analia, na anayelenga mpaka jua litue naye analia. IDPA ilikuja 1996 na yenyewe inahesabu muda: kila pointi uliyoangusha unaongezewa sekunde moja, na mara nyingi unavaa kizibao cha kuifunika bastola. Ukisafiri hadi Kirigiti kule Kiambu, jiandae kwa IDPA.

Glock 17 inaingia pote bila maneno. Kwenye IPSC utaiweka divisheni ya Production. IDPA nao wana ukomo wa uzito na sanduku la kupimia ukubwa wa bastola. Shadow 2 ni chuma tupu, kwa hiyo kama unaitaka, fungua kitabu cha kanuni cha mwaka huu na uone kama inaingia, kabla pesa haijatoka mkononi.

Sasa .40. Aliyekuambia hakudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Nguvu ya risasi hupatikana kwa kuzidisha uzito wa kichwa chake kwa graini (kipimo kidogo cha uzito) na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, kisha ukagawa kwa 1,000. Ukifika 125 uko daraja dogo. Kwenye divisheni ya Standard, 170 ndiyo daraja kubwa. Daraja kubwa ukipiga eneo la C kwenye shabaha unapata 4 badala ya 3, ukipiga D unapata 2 badala ya 1. A ni 5 kwa wote. Lakini Production kila mtu huhesabiwa daraja dogo, hata akija na mzinga wa Fort Jesus. Kwa hiyo .40 itakupa teke kubwa, bei kubwa, na pointi zile zile.

Kuhusu bastola mkufunzi wako yuko sawa, basi tu hapendi maneno. Nitakuambia alichokinyamazia. Shadow 2 mvuto wake wa kwanza wa triga ni mrefu na mzito, inayofuata ni mifupi na myepesi. Kwenye Production lazima uanze nyundo ikiwa chini, na bastola hiyo haina kitufe cha kuishusha. Ukishajaza, unaishika nyundo kwa kidole gumba, unavuta triga, unaiteremsha polepole juu ya risasi iliyo tayari chumbani. Ikikuponyoka, risasi imetoka, na mwamuzi anakuondoa mashindanoni papo hapo, hata kama imeishia mchangani. Wazoefu wanaifanya kila mechi bila tatizo. Mtu mpya mwenye mikono midogo, jasho la Mombasa, na moyo unaomdunda kwa sababu jina lake limeitwa, simshauri aanzie hapo.

Glock triga yake ni ile ile kuanzia risasi ya kwanza mpaka ya mwisho. Haina nyundo ya kuteremsha wala kufuli la kusahau.

JahaziMoja

Mzee, kwa heshima zote, unamtisha dada wa watu. Shadow ina takriban kilo 1.3. Glock 17 tupu haifiki hata gramu 700. Uzito ule ndio unaomeza teke: mtutu hauruki, kilengeo kinarudi palepale, risasi ya pili inafuata. Na mvuto wake baada ya ule wa kwanza ni kama hakuna. Kuteremsha nyundo anafundishwa kwa risasi bandia mpaka mkono uzoee, halafu basi.

Binamu yake hajakosea. Ceska (ndiyo hiyo CZ) ni Ceska.

MzeeWaRenji

Uzito nakubali. Lakini ni uzito ule ule atakaounyooshea mikono mwezi wa Januari, saa saba mchana, asubuhi nzima ya mazoezi ikiwa mabegani. Hilo nyinyi wa Shadow hamlisemi. Mwache apige zote mbili, kisha mwenyewe aseme.

KaratasiKwanza

Hapo kwenye "apige zote mbili" ndipo pa kusimama, dada.

Ule ushauri wa kununua yoyote na kuuza waachie Wamarekani. Kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti chako kinataja silaha yenyewe, na kinataja risasi ngapi unaruhusiwa kununua na ngapi unaruhusiwa kukaa nazo kwa wakati mmoja. Kubadilisha bastola maana yake ni kurudi kwa Bodi kuomba upya, na huyo unayetaka kumuuzia naye lazima awe na kibali chake. Bastola ya kwanza Kenya unakaa nayo miaka. Ndiyo maana mimi sitazami ipi wanatumia mabingwa. Natazama ipi utaweza kuivumilia.

Kwa hiyo: usilipe hata arbuni. Omba klabuni upige zao chini ya usimamizi, na wenye bastola zao wakikubali wakujaribishe palepale uwanjani wakiwa wamesimama nawe. Kwenye maombi eleza wazi kwamba ni mchezo, ambatanisha barua ya klabu, na idadi ya risasi unayoomba iendane na mazoezi. Mtu wa kujilinda sanduku moja linamtosha muda mrefu. Wewe litaisha kabla ya adhuhuri.

Sefu inunue mapema, uifunge kwenye ukuta au sakafu. Kabati la nguo lenye funguo si sefu.

BintiKizingo

Shukrani sana. KaratasiKwanza, hilo la cheti hakuna aliyenieleza hivyo. Nimeshazungumza na klabu, wana Glock ya kuazimisha uwanjani, na JahaziMoja usijali, binamu yangu ameahidi kuniletea mwenye Shadow.

Holsta basi? Yule fundi bado namfikiria.

UpepoWaKusi

Fundi mpelekee mkanda au mkoba. Holsta usimpe.

Nakaa mita chache kutoka baharini na najua chumvi inavyofanya kazi. Ngozi inanyonya unyevu na jasho, halafu inavikumbatisha kwenye chuma. Bastola ikilala humo wiki moja msimu wa masika, utaikuta na madoa ya kutu kwenye slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma), na kwenye skrubu za vilengeo ndiko inakoanza. Glock inastahimili kuliko nyingi kwa sababu fremu ni plastiki na slaidi imetiwa dawa ngumu, lakini hata yenyewe si ya kudharau hewa hii. Ukitoka uwanjani: pangusa jasho, mafuta kidogo, weka sefuni nje ya holsta, na vifuko vya kunyonya unyevu ubadilishe vikishiba. Watu wa Nairobi wakikuambia safisha mara moja kwa mwezi, waambie wao hawalambwi na bahari.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Ngozi ikizeeka hulegea, mdomo wake unajikunja ndani. Unarudisha bastola, ukingo unaingia kwenye triga, na mguu wako ndio uko chini. Chukua ya kydex, plastiki ngumu iliyopikwa kwa umbo la bastola yako hasa. Ifunike triga yote. Mdomo wake ubaki wazi bila kushikwa, ili uirudishe kwa mkono mmoja. Ukiigeuza juu chini bastola tupu isidondoke. Zile za kitambaa laini zinazoandikwa "inaingia bastola zote" ziache hapo hapo dukani. Za begani pia ziache, IPSC wala IDPA hawazikubali.

Na ununue baada ya bastola, si kabla. Holsta ya Glock haitakubali Shadow hata ukiisomea dua.

JahaziMoja

Ngozi nzuri iliyotengenezwa na bingwa haijikunji, ina chuma mdomoni. Lakini chumvi sina jibu.

MamaNyali

Nasoma tu nilikuwa, ila naona wanaume hapa wamesahau nusu ya mambo.

Dada, mikono midogo hupimwa hivi. Bastola tupu, imekaguliwa na wewe na mwenzako. Shika mpini juu kabisa, mtutu ukiwa mstari mmoja na mkono wako. Bila kuuzungusha mkono, peleka kidole kwenye triga. Ikiwa sehemu laini ya ncha ya kidole inafika katikati yake, bastola ni saizi yako. Ikiwa inakubidi uzungushe mkono ili ufike, sio yako, hata kama ni nzuri kiasi gani. Halafu jaribu kitufe cha kutoa magazini kwa kidole gumba. Glock kuanzia kizazi cha nne, 2010, zinakuja na migongo ya mpini ya kubadilisha. Anza bila nyongeza yoyote.

Mkanda: IPSC wanamruhusu mwanamke kuuvaa usawa wa nyonga badala ya kiunoni. Wengi hawaambiwi. Ukiuvaa kiunoni kama wanaume, mpini unakuchoma ubavuni na kiwiko kinapanda mpaka sikioni unapochomoa. Chukua ule wa tabaka mbili, wa ndani unapita kwenye vitanzi vya suruali, wa nje unaugandamiza juu yake.

Ushungi: uchomeke ndani ya shati, mbele na upande wa holsta. Ncha inayoning'inia inaweza kuingia holstani pamoja na bastola, na hapo ndipo UpepoWaKusi alipokuwa akionya. Shati liwe la shingo iliyofunga. Ganda la risasi linatoka la moto, likikuingia kifuani utaruka, na mwenye bastola mkononi hatakiwi kuruka. Kinga za masikio zikikaa juu ya kitambaa sauti hupenya, kwa hiyo vaa vizibo vya ndani kwanza, kisha ushungi, kisha zile kubwa juu.

BintiKizingo

MamaNyali, Mungu akuweke. Hilo la ushungi nilikuwa naona haya kuuliza.

PwezaWaTudor

Turudi kwenye risasi, maana mlinipita.

9mm za kawaida zinakuja 115, 124 na 147 graini. Fanya hesabu ya Mzee. 115 ikienda futi 1,100 ni 126.5, yaani umepita mlangoni kwa kukwaruza bega. Bastola nyingine ina mtutu mfupi kidogo, au kopo hilo la risasi limetoka dhaifu, mwendo unashuka, na mashine ya kupimia inakusomea 123. Ukishindwa 125 utaendelea kupiga lakini bila alama. Umelipa kiingilio ukafanye mazoezi. 124 ikienda 1,050 ni 130.2, unalala usingizi. 147 ni tamu, teke lake ni la pole, 900 tu inakupa 132.3, lakini huku kuipata mfululizo ni kazi. Chukua 124, kichwa kilichofunikwa shaba chote, na ukipata chapa inayofanya kazi vizuri baki nayo. Zenye kichwa kilichotobolewa ni za kazi nyingine na pesa nyingine.

Kiwanda cha Eldoret, KOFC, kinatengeneza 9mm, ila kazi yake ya kwanza ni vikosi vya usalama, usikiwekee hesabu.

Na kwa kuwa cheti kina idadi, mazoezi makubwa yawe makavu, nyumbani. Bastola tupu, risasi chumba kingine kimefungwa, mbele yako ukuta wa mawe. Kuchomoa, kulenga, kubonyeza, kubadilisha magazini. Jirani hasikii kitu.

KaratasiKwanza

Ukija kusafiri kwa ndege: bastola itangaze mapema kwa shirika na kwa polisi wa uwanjani, inakwenda tupu kwenye mzigo wa chini, kasha limefungwa, na cheti uwe nacho mkononi. Risasi hufungwa vizuri peke yake, na kanuni ya kimataifa haizidishi kilo 5 kwa abiria. Piga simu kwa shirika siku kadhaa kabla, usisubiri kaunta.

BintiKizingo

Nimepiga zote mbili. Shadow ni asali, lakini triga ya kwanza kidole changu hakifiki bila kuzungusha mkono. Glock, mgongo mdogo, imekaa. Binamu amenuna.

Swali la mwisho: magazini ngapi?

PwezaWaTudor

Tano. IPSC kituo kirefu, yaani zoezi moja la mashindano, kinafika risasi 32, na Production unaanza na 15 tu. Tatu zinatosha kwenye karatasi, ya nne ni ya zile ulizokosa, ya tano ni ya ile itakayoangukia mchangani na kukataa kufanya kazi. Ziandike namba chini, ili ujue ipi ndiyo mkorofi.

JahaziMoja

Mwambie binamu aje tunywe kahawa, tuomboleze pamoja.