Naomba ushauri: ruzuku ya miezi mitatu Ujerumani kwa utafiti wa kiduha, nimekataliwa mara mbili

MtafitiKisumu
Wanajukwaa, hamjambo. Mimi ni mtafiti wa mimea hapa Kisumu. Nilihitimu shahada ya uzamifu miaka miwili iliyopita, na tangu hapo ninashughulikia kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau ambalo kwetu huitwa kayongo, ambalo hunyonya mtama na mahindi mizizini muda mrefu kabla mkulima hajaliona likichomoza. Nina aina nane za mtama nilizopewa na wakulima wa Siaya na Busia. Aina mbili kati ya hizo hushambuliwa kidogo sana, hata nikizipanda kwenye udongo niliouchanganya kwa makusudi na mbegu za gugu. Nashuku kwamba mizizi yake hutoa kidogo strigolaktoni, yaani kemikali za mizizi zinazoamsha mbegu za gugu hili, au hutoa za namna tofauti, kwa hivyo mbegu za kiduha zilizolala udongoni haziamki. Ili kulithibitisha hilo nahitaji spektromita ya masi, mashine ya kutambua kemikali kwa uzito wa molekuli zake, inayoweza kupima viwango vidogo mno, na mtu wa kunifundisha kuitumia, na vyote viwili sina.

Nimeomba ruzuku ya usafiri mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa kwamba malengo yangu ni mapana kuliko muda ninaoomba. Mara ya pili ombi halikufika hata kwa wakaguzi, kwa sababu sikupata barua ya mwaliko: niliwaandikia maprofesa kumi na wanne, akajibu mmoja tu, naye alinitakia heri. Je, mwenyeji huandikiwaje hadi ajibu? Sampuli zangu nitazisafirisha vipi kwa njia halali? Tena nimesikia kwamba baadhi ya wafadhili hurudisha gharama baada ya safari, ilhali mimi nafundisha kwa mkataba unaolipwa kwa muhula. Sijakata tamaa, kwa kuwa mama mmoja wa Ugunja aliyenipa mojawapo ya aina hizo huniuliza kila msimu nimegundua nini kuhusu mtama wa mama mkwe wake, nami bado sina jibu la kumpa.

MwalimuNjoro
Daktari, pole kwa hayo yaliyokupata. Kabla sijasema lolote, tafadhali tuwekee hapa aya ya kwanza ya barua uliyowaandikia wale kumi na wanne, jinsi ilivyokuwa, bila kuirekebisha.

MtafitiKisumu
Mwalimu, ilikuwa hivi: “Mheshimiwa Profesa, mimi ni mtafiti chipukizi mwenye ari kutoka Kenya. Nimevutiwa mno na kazi zako na ningefurahi kupata nafasi ya kujifunza mbinu za kisasa katika maabara yako yenye sifa.”

MwalimuNjoro
Asante kwa ujasiri wa kuileta. Itazame tena: hakuna mtama ndani yake, hakuna kiduha, hakuna Siaya. Barua hiyo ingeweza kupelekwa kwa mtaalamu wa samaki au wa madini bila kubadilishwa neno, na anayeipokea hulitambua hilo mara moja, kwa maana hupata nyingi za namna hiyo kila wiki. Umejieleza kama mtu anayekwenda kuomba, ilhali una kitu ambacho profesa yule hana na hawezi kukinunua, yaani aina mbili za mtama zilizostahimili gugu katika udongo wa huku, pamoja na takwimu za shambani zinazoonyesha hivyo. Anza na hilo. Sentensi ya kwanza iseme ulichokiona, ya pili iseme unachoshuku, na ya tatu iseme kipimo gani kinakosekana. Ari yako ataiona mwenyewe.

Nimekaa kwenye kamati za kutathmini maombi kama haya, na ninaweza kukuambia kwamba kinachoangusha mengi ni hesabu, si sayansi. Tuseme una aina nane, kila moja ikirudiwa mara nne, katika viwango viwili vya fosfati, kwa sababu mmea ukinyimwa fosfati ndipo mizizi hutoa strigolaktoni kwa wingi. Hizo ni sampuli 64. Mashine yenyewe itazipima kwa siku chache tu. Mkaguzi atauliza: miezi mitatu ni ya nini? Usipomjibu, atadhani unataka kutalii. Mweleze wazi kwamba wiki za kwanza ni za kujifunza kuandaa sampuli na kusoma matokeo ukitumia vielelezo vya maabara yao, kisha vipimo vyako, kisha majaribio ya kuotesha mbegu za kiduha kwa kila dondoo, yaani kemikali zilizokamuliwa kutoka maji ya mizizi, ili kuona kama kinachopimwa na mashine ndicho kinachoamsha gugu. Hapo miezi mitatu itaonekana michache.

Jambo jingine ambalo vijana wengi hulisahau: usimwandikie profesa peke yake. Soma sehemu ya mbinu katika makala zao, utafute jina la yule aliyefanya vipimo kwa mikono yake, naye umpe nakala ya barua. Mara nyingi yeye ndiye atakayeketi nawe mbele ya mashine, na akishapendezwa na swali lako atamkumbusha mkubwa wake. Tena waandikie wawili au watatu uliowasoma kwa makini. Kumi na wanne ni wengi mno.

MaabaraBondo
Naunga mkono yote aliyosema Mwalimu. Mimi nilikwenda Ujerumani kwa ruzuku ya miezi mitatu, kwa hivyo nitagusia mambo ya safari yenyewe. Kuhusu milango ya kubisha, kwa hali yako ningeanza na mpango wa ziara unaoendeshwa na TWAS, ile akademia ya sayansi yenye makao yake Trieste, Italia, kwa ushirikiano na DFG, shirika la Ujerumani la kufadhili utafiti, kwa sababu umewekwa kwa ajili ya wenye uzamifu kutoka Afrika kusini mwa Sahara. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wataalamu, nao wana ruzuku za wahadhiri na watafiti za mwezi mmoja hadi mitatu, na wana ofisi Nairobi unayoweza kuiuliza maswali ana kwa ana. Soma masharti ya kila mmoja kuhusu miaka iliyopita tangu uhitimu, kwa maana hapo hawana huruma.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu viza, kwa kuwa hapa ndipo nilipoumia. Viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Ujerumani ikiwemo, inaruhusu siku 90 ndani ya siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Mimi nilipanga kuanzia tarehe 1 Julai hadi 30 Septemba, nikaita miezi mitatu, na barua ya mwaliko ikaandikwa hivyo. Ni siku 92. Nilijulishwa kosa hilo dirishani, wiki tatu kabla ya kusafiri. Barua ikabidi iandikwe upya, tiketi ibadilishwe, na tofauti ya nauli nikailipa mwenyewe. Kama ningepanga kuondoka tarehe 28 Septemba, yasingenipata. Hesabu siku kwenye kalenda kwa kidole kabla hujamtumia mwenyeji tarehe, au kama mpango wako unazidi 90, omba mapema viza ya kitaifa, ile ya muda mrefu ya Ujerumani yenyewe. Maombi ya viza fupi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima yako lazima igharimie matibabu ya angalau yuro 30,000.

Kuhusu fedha, mwandikie mfadhili umuulize waziwazi tiketi inalipwa na nani na lini. Swali hilo si aibu. Kuna wanaokata tiketi wenyewe, na kuna wanaorudisha baadaye. Muulize mwenyeji vilevile kama posho ya mwezi wa kwanza inaweza kutolewa mkononi siku ya kufika, kwa sababu kufungua akaunti ya benki kule huchukua muda na mwenye nyumba hangoji.

KandoYaZiwaMbita
Dada, nami nikujibu kuhusu sampuli. Usifikirie kubeba mbegu za kiduha. Ni ndogo kama vumbi, chupa ikipasuka huwezi kuziokota, na hukaa hai udongoni miaka mingi. Maabara nyingi za nje zinazochunguza gugu hili huwa na akiba yao wenyewe pamoja na kibali cha kuishikilia, basi kwa majaribio ya kuotesha tumia zao.

Wala huhitaji kubeba mimea hai. Otesha mtama wako hapa kwenye maji yenye virutubisho, kusanya maji ya mizizi, yapitishe kwenye vichujio vidogo vya maabara, ukamue kwa asetoni, ukaushe, kisha uhifadhi kwenye friza. Fanya upesi, kwa maana strigolaktoni huharibika zikikaa majini. Utasafiri na vichupa 64 vikavu vinavyotosha kwenye kisanduku kimoja chenye ubaridi.

Lakini vichupa hivyo navyo vinahitaji karatasi. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu kupata mimea na viumbe vya nchi nyingine na kugawana manufaa yake, ilianza kutumika mwaka 2014, na Umoja wa Ulaya una kanuni ya mwaka huo huo inayozitaka maabara zao zionyeshe kwamba nyenzo walizopokea zilipatikana kwa njia halali. Anza na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha ridhaa ya waliokupa mbegu na makubaliano ya mgao wa manufaa, kisha kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na mkataba wa uhamishaji wa sampuli kati ya taasisi yako na yao. Ukiamua kupeleka mbegu za mtama, pitia KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea. Yaanze haya leo, hata kabla ya kupata mwaliko. Na yule mama wa Ugunja, jina lake na mchango wake viingie kwenye makubaliano hayo. Mtama ni wa kwao.

MtafitiKisumu
Nawashukuru kwa dhati. Nimekesha nikiandika upya. Tafadhali Mwalimu, itazame:

“Profesa, katika misimu minne ya majaribio magharibi mwa Kenya, aina mbili za mtama wa wenyeji zimeshambuliwa kidogo na kiduha kuliko aina nyingine sita zilizopandwa kando yake. Nashuku kwamba tofauti iko kwenye strigolaktoni za mizizi. Nina uwezo wa kuandaa dondoo 64 hapa Kisumu, lakini sina mashine ya kuzipima, na mbinu mliyoieleza katika makala yenu ndiyo inayofaa viwango ninavyotarajia. Naomba kuja kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 29 Januari, siku 90, kwa ruzuku nitakayoiomba mwenyewe.”

MwalimuNjoro
Hii sasa ni barua. Ongeza takwimu moja: miche mingapi ya kiduha kwa kila mita ya mraba katika aina hizo mbili, na mingapi katika zile sita. Mkuu wa idara yako naye aandike kwamba mkataba wako unaendelea baada ya Januari, kwa sababu mfadhili atataka kujua ujuzi huo utarudi kwenye maabara gani.

MtafitiKisumu
Takwimu nimeiweka. Mkuu wa idara nimepangiwa kumwona Jumatatu saa tatu. Barua imekwenda kwa watu wawili asubuhi hii, profesa na yule dada wa mashine.